Jina Kwenye Ukurasa wa Shukrani

Simu ya kifo cha Mwalimu Mhema ilinikuta jikoni kwangu hapa Uyole nikimenya viazi, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, halikuwa kulia. Nilijiuliza kama Masanja naye ameambiwa. Mwanawe Mwalimu alisema mzee ameondoka kwa amani, akiwa kitandani kwake, maziko ni Jumamosi palepale kwake Kihesa, Iringa. Nikasema poleni sana, tupo pamoja, nikakata simu, nikarudi kwenye viazi nikavimenya mpaka vikabaki kama karanga. Siku mbili zilizofuata sikukaa. Nilifua nguo zilizokuwa safi, nikahamisha kabati, nikalirudisha. Binti yangu akaniuliza, "Mama, una nini? Mbona hutulii?" Nikamjibu ni magoti, kana kwamba mtu mwenye magoti mabovu huhamisha makabati. Ukweli ni kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimdanganya Masanja, Mwalimu akaubeba uongo wangu, na sasa mbebaji amekufa. Nikimkuta Masanja msibani itabidi nichague: nimwambie, au nimzike mzee wa watu na kosa lisilo lake.

Habari za wazazi wangu na namna nilivyofika Iringa tuziache, hazina kazi hapa. Itoshe kwamba nilifika na cheti cha kupiga taipu, sweta moja na kiburi cha kutosha watu watatu. Mwalimu Mhema alikuwa amestaafu kufundisha Kiingereza, na chumba cha uani kwake alikiita ofisi. Kulikuwa na meza mbili, taipureta nzito, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, jiko la mkaa la kupigana na baridi, na maboksi matatu ya riwaya za Kimarekani alizoachiwa na mhandisi mmoja aliyekuja kujenga barabara kuu. Zilikuwa vitabu vidogo vya karatasi ya bei nafuu, vya zamani kunizidi mimi, na kwenye majalada kulikuwa na wanaume waliovaa kofia hadi kwenye nyusi na wanawake ambao mkewe, Mama Neema, aliwafunika kwa gazeti kila mchungaji alipokuja. Maana Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri kweli kweli, pombe ya ulanzi haigusi, tusi halijui. Na riwaya zile za majambazi alizipenda kupita kiasi. Mwenyewe alisema zinafundisha kwamba uovu haufiki mbali. Thubutu! Mimi nilimwona akizisoma, alikuwa kama mtu aliyewekewa sahani ya nyama choma.

Nia yake ilikuwa kuzitoa kwa Kiswahili, ili madereva na wanafunzi wapate cha kusoma. Yeye anatembea na kitabu mkononi akitafsiri kwa sauti, mimi nachapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kisha tunadurufu. Balaa lilikuwa lugha ya wale wahuni. Wamarekani wale hawakiiti kitu kwa jina lake! Bastola ukurasa huu ni chuma, ukurasa ujao ni kitu cha moto, wa tatu wameipa jina la mtu kana kwamba ni mjomba wao. Fedha wanaiita kabichi. Kumzamisha mtu mtoni ni kumvika viatu vya saruji. Mpelelezi ni jicho. Mtu akipeleka siri polisi wanasema ameimba, na mtu wa namna hiyo wanamfananisha na njiwa aliyefungwa kwenye kigoda, sijui kwa nini, na hata leo sijapata wa kunieleza. Kamusi ya Mwalimu ilikuwa nene kama tofali na haikuwajua watu hawa. Basi akawa anatafsiri neno kwa neno, tena kwa Kiswahili cha mimbarini. Nakumbuka asubuhi moja jambazi kamwelekezea mwenzake bastola kwenye gereji, mvua inanyesha, na Mwalimu akatamka kwa sauti ya Pasaka: "Ewe bwana, wewe ni njiwa wa kigodani, na leo hii nitakuvika viatu vya saruji."

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

"Unacheka nini, binti?"

"Mwalimu, nisamehe. Lakini huyu si jambazi. Huyu ni mwinjilisti."

Mama Neema alikuwa mlangoni akichambua mchele, akaangua kicheko, nusu ya ungo ikaenda chini. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ishara kwamba amekasirika.

"Kwani wewe unajua majambazi wanavyoongea?"

"Sijui. Ila najua hawasemi ewe."

"Basi niletee anayejua," akasema, akatoka kwenda kuangalia kuku wake. Alisema kwa hasira tu. Mimi nikalichukua kama agizo la kazi.

Anayejua nilikuwa naye nyumba moja. Nilipanga chumba jirani na kwa Mwalimu, na katika chumba cha mwisho cha nyumba ile alilala Masanja Kulwa kila lori lao lilipokuwa Iringa. Alikuwa utingo, miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Watu wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukuma wakaishia Usangu, upande wa Madibira, na yeye ng'ombe hakuwataka, alitaka usukani. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa Chimala, na tajiri alikwisha kumwahidi: mavuno yakiisha, dereva mzee anapumzika, Masanja anashika gari. Alikuwa ameanza hata kukaa kama dereva. Akiwa kwenye kigoda cha jikoni anaegemea upande mmoja, mkono wa kulia umewekwa hewani juu ya gia isiyokuwepo. Mimi nilikuwa namcheka, na nilikuwa nampenda, ingawa nisingekiri hata ukinichoma moto. Kila safari alileta mchele wa kwao, wakati mwingine na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, ambayo mama yake alikuwa amefunga kwenye kitambaa, na mimi nilipika kwa ajili yetu wawili. Jikoni kwetu kulikuwa kwembamba, moshi mwingi, ukitaka kugeuza sufuria lazima mwenzako asimame. Ndimo nilimomuuliza kama aliwahi kuwasikia wezi wa barabarani wakiongea.

"Wale wa mlimani?" Akacheka. "Dada Tuse, wale ukiwasikia utadhani uko kliniki ya akina mama."

Akanieleza. Kuna mahali malori yakipanda yamejaa huenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo ndipo vijana wanapodandia kwa nyuma, wanakata kamba, wanasukuma magunia. Lori lililojaa wanasema lina mimba. Kudandia na kushusha ni kuzalisha. Anayepanda ni mkunga. Magunia ni watoto, na yule anayeyapokea porini ni mlezi. Polisi wakisikika, wanasema baba wa mtoto amekuja. Na mwenye mdomo, anayevujisha habari, wanamwita chujio. Nilikuwa naandika nyuma ya kalenda kwa mkaa, kalamu iko mbali, nimepagawa kwa furaha.

"Na mkunga akianguka?"

"Tunasema mama kamkataa."

"Mnasema?"

Aligeukia sufuria. Maharage yalikuwa yanatokota, nayasikia hadi leo. "Walikuwa wanasema," akajisahihisha, halafu akaona haina maana. Akaniambia alikuwa nao mwaka mmoja, akiwa na kumi na saba. Rafiki yake alianguka mbele ya macho yake, naye hakurudi tena mlimani. Tajiri hajui. Akijua, usukani hakuna.

"Hiyo iishie hapahapa jikoni, dada."

"Itaishia hapahapa," nikasema, na niliamini ninachosema.

Mwalimu alipoyasoma maneno yale alisimama. Akakaa. Akasimama tena. "Mkunga!" akasema. "Mama Neema, njoo usikie, benki ina mimba!" Kazi nzima tukaianza upya. Mji ulibaki wa Kimarekani, mvua yao, kofia zao, gereji zao, lakini majambazi sasa waliongea kama vijana wa mlimani, wakawa watu. Miezi ile ya baridi sikumbuki kama nililala vizuri. Nilikuwa nachapa huku mguu unacheza chini ya meza, nikimaliza sura naenda mlangoni, narudi, nauliza bado, Mwalimu, bado? Nilitaka kitabu kitoke, nilitaka Iringa nzima inijue, nilitaka kitu ambacho hata sikijui jina. Masanja akija namsomea kurasa mpya, naye ananirekebisha: mkunga hawezi kusema hivi, mkunga hana muda wa kusema maneno mengi hivyo. Siku moja aliishika stensili juu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi jina langu halijawahi kuandikwa popote," akasema, "ila kwenye daftari la mahudhurio, na huko nako lilikuwa na alama za kutofika." Tukacheka wote wawili. Lakini mimi lile neno lilinikaa.

Sasa, kwa Mwalimu kitabu hakikuwa kitabu bila ukurasa wa shukrani. "Kisichoshukuru kimeandikwa na mhuni," alikuwa akisema, na ukurasa huo aliuandika kwa heshima kuliko sura zote za riwaya. Alimshukuru Mungu, mkewe, mchungaji, mwalimu mkuu aliyewahi kumfundisha, na mimi, "binti mvumilivu wa mashine." Mwisho aliandika kwa penseli: "na rafiki mmoja wa barabarani." Nikamwambia huyo rafiki ana jina. "Najua analo," akasema. "Mwache hivyohivyo." Akavaa koti akaenda kwenye kikao cha kanisa. Nikabaki na stensili ya mwisho, na jiko linazimika, na nikafikiri: mchungaji ambaye hajui hata kitabu kinahusu nini kaandikwa jina, tena na cheo, halafu aliyetupa uhai wa kitabu awe rafiki mmoja? Niliona ni dharau. Kuiba ni siri, nilijiambia, lakini kushukuriwa ni heshima, na mtu hawezi kudhurika kwa kupewa heshima. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikufaa unamtaja mbele za watu. Basi nikachapa: "na Ndugu Masanja Kulwa wa Madibira, utingo, aliyetufundisha lugha hii." Nililichapa kwa upole, herufi moja moja, nikiwa natabasamu peke yangu kama zuzu. Mwalimu aliporudi nilikuwa nimekwisha kuidurufu. Alisoma sura zote mara mbili kutafuta makosa. Ukurasa ule hakuusoma, aliuandika mwenyewe kwa mkono wake, ausome wa nini?

Vitabu vikaenda stendi. Nikaficha nakala moja ya Masanja chini ya mto, nimeifunga kwa gazeti, namsubiri kwa hamu. Wiki ikapita lori halijaja. Ya pili ikapita. Nikawa natoka ofisini kila nikisikia injini nzito, Mama Neema akanitania: "Tuse mwanangu, mbona leo umekuwa trafiki?" Nikacheka na kurudi kwenye mashine na kuharibu stensili.

Alikuja wiki ya tatu, kwa miguu kutoka stendi, saa nne asubuhi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa khanga shingoni, vidole vimevimba na kugeukia kusikostahili. Hakusalimia kamwene wala kupiga hodi. Mkono wa kushoto ulikuwa na kitabu, akakiweka juu ya meza ya Mwalimu, kimefunguliwa ukurasa wa shukrani. Alisema taratibu, bila kupaza sauti, na ndiyo maana niliogopa. Dereva mmoja alikisoma kwa sauti kwenye mgahawa wa chai pale Chimala, watu wakavunjika mbavu kwa kicheko, mpaka tajiri wake akauliza hawa wakunga mbona nimeshawasikia gulioni, kwa wezi wa magunia. Wakageuza kurasa. Wakafika mwanzo, kwenye jina lake. Tajiri hakumpigia kelele, alimwambia tu ashushe begi lake kwenye lori. Na waliomtafuta baadaye, wale wa mlimani, nao walikuwa wamesomewa. Walimwita chujio. Mkono wakauvunja mara mbili, kwenye kiwiko na juu ya kifundo, kwa kusudi, ili asishike gari maisha yake yote.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Nani kaniandika?"

Mwalimu aliinamia ukurasa. Niliona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, Mungu, mke, mchungaji, kikafika mwisho kikasimama. Akainua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kujibu, akangoja, na mimi vidole vyangu vilikuwa juu ya taipureta na sikuweza kuviondoa. Akaona sijibu. Akavua miwani.

"Kitabu ni changu," akasema. "Kilichomo ndani yake ni changu chote. Nisamehe, mwanangu."

Masanja akatikisa kichwa polepole, kisha akanigeukia mimi. "Dada Tuse. Na wewe ulijua?"

Hapo bado kulikuwa na mlango. Ningeweza kupita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nampenda, na sikuweza kuvumilia macho yale yanichukie mimi. Nikasema, "Sikujua."

Akaniamini. Hilo ndilo nimelibeba. Akaniambia, "Basi baki salama, dada," akamtemea Mwalimu mate miguuni, mzee wa miaka yake ndani ya ofisi yake, akaondoka. Mama Neema alikuja na kitambaa akapiga magoti kufuta viatu vya mumewe, hajui hata nini kimetokea, huku analia. Mwalimu aliifunika mashine ya kudurufu kwa turubai siku ileile. Nakala zilizobaki alizichoma kwenye shimo la taka, na zile riwaya za Kimarekani akazirudisha kwenye maboksi. Hakunisema. Wiki nzima nilingoja anikemee, na kila asubuhi aliniuliza nimeamkaje. Siku ya nane sikuweza tena, nikafunga begi nikarudi Mbeya, na mwaka wangu wa Iringa ukaishia hapo. Kila Krismasi alinitumia kadi, baadaye ujumbe wa simu, na hata siku moja hakuligusa lile jambo. Watu huniambia nilikuwa na bahati kumpata bosi mwema namna ile. Nawaitikia. Wema wake ulinikosesha usingizi kuliko ambavyo fimbo ingenikosesha.

Jumamosi ile Kihesa palijaa. Turubai, viti vya kukodi, kwaya ya akina mama, baridi ileile. Nilimwona Masanja kwenye foleni ya kutupa udongo kaburini. Kichwa cheupe, mrefu bado, kiwiko cha kulia kimekauka mbavuni. Alitupa udongo kwa mkono wa kushoto, na bibi mmoja nyuma yake akaguna, hajui. Nilitaka kukimbia. Niliwaza gari la mchana bado halijaondoka, nitasema shinikizo la damu. Badala yake, wakati wa chakula nikabeba sahani yangu nikaenda kukaa karibu naye.

"Dada Tuse!" Alifurahi, jamani. Alifurahi kweli. Tukaulizana watoto, wajukuu. Aliniambia alirudi kwa ng'ombe wa baba yake, na baadaye mpunga, na maisha yalikwenda. Alikuwa anakula kwa kijiko, kwa mkono ule wa kushoto, kama mtu aliyezoea kutazamwa.

"Nilimchukia huyu mzee, we acha tu," akasema. "Nilikuwa nikiamka namchukia kabla sijanawa uso. Mke wangu alichoka. Mpaka juzi juzi, tangu mvua za mwaka jana, ndiyo nikaona basi, yamekwisha, nimemsamehe. Nikasema nitakwenda nimwambie. Mara mpunga, mara mguu, nikawa naahirisha. Ndiyo nimekuja leo, kumwambia kwenye sanduku."

Akatabasamu. Nikaweka sahani chini.

"Hakukuandika yeye," nikasema. "Yeye aliandika rafiki mmoja wa barabarani. Nilimkuta ameandika hivyo na akaniambia niache hivyohivyo. Jina niliweka mimi. Nilitaka ulione. Na uliponiuliza nikakudanganya, na yeye akaninyamazia mpaka kufa."

Kwaya ilikuwa imeanza tena. Masanja alikitazama kijiko, akakiweka ukingoni mwa sahani. Mimi sikujitetea, maneno ya kujitetea nilikuwa nayo miaka yote na siku ile sikuyapata.

"Nilimtemea mate," akasema.

"Ndiyo."

"Mzee wa watu."

"Ndiyo, Masanja."

Akanyanyuka kwa taabu, ameshikilia mgongo wa kiti. Nilidhani anaondoka bila neno, na ningemwelewa. Lakini alisimama mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Yeye kumsamehe kumenichukua miaka arobaini," akasema. "Wewe ndiyo kwanza naanza leo. Sasa, dada Tuse, sijui kama umri utatosha."